Nilitoa kiti changu cha sebuleni nikarudishiwa fuawe ya baba

Wakuu, kabla mtu hajaniita mjinga huko chini, wacha nijiite mwenyewe niwaokolee bando. Niliuza fuawe ya marehemu baba kwa mtu wa skrapu. Ilipimwa kwa kilo, pamoja na jiko bovu la gesi na fremu ya baiskeli.

Kwa wale ambao chuma wamekiona kwenye grili ya dirisha tu: fuawe ni lile pande zito ambalo mhunzi huweka kazi yake juu akiigonga. Huku uso bapa, huku pembe. Ukiiangusha mguuni unakuwa mtu mwingine.

Haya yote yalitokea. Kama ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii.

Mimi ni wa Mbotela, hapa Nairobi. Naishi kwenye nyumba ile ile niliyolelewa, natengeneza redio na pasi nikiwa sebuleni, wateja wananipitishia vitu dirishani. Nina miaka arobaini na sita na sina wa kuniuliza nimekula nini. Kuna majirani hapa wananijua kuanzia kifuani kwenda juu tu.

Baba alikuwa mhunzi kwenye karakana ya reli. Alipostaafu alinunua vifaa vyake vya kazi, vile vizee ambavyo hakuna mtu mwingine aliyevitaka, akavipanga nyuma ya nyumba chini ya mabati mawili. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa huko. Bawaba za milango, majembe ya watu wanaoenda nyumbani Disemba, komeo za mageti ya laini nzima.

Mzee Okumu wa mlango wa pili, ambaye alifanya kazi na baba reli tangu ujana, alikuwa huko naye kila Jumamosi. Mimi nilidhani anakuja kupiga domo.

Ningejuaje? Nilikuwa ndani na redio zangu. Kilichonifikia ni sauti kupitia ukutani. Ti-dum. Ti-dum. Ti-dum. Kama mtu anapanda ngazi na mguu mmoja mzito.

Siku moja tu baba alinitoa nje nijifunze. Ilikuwa Jumapili, tuko wawili. Akaniambia nikate bolti kwa patasi, lakini niweke kipande cha chuma laini chini kwanza. Mimi nikaona hiyo ni kupoteza wakati. Nikagonga kwa nguvu zangu zote, bolti ikakatika, patasi ikapita moja kwa moja ikamega kona ya fuawe. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Baba aliipapasa ile kona kwa kidole gumba, muda mrefu. Halafu akasema, "Rudi ndani."

Nikarudi ndani. Unaweza kusema sijatoka tangu hiyo siku.

Baba alipofariki tulimpeleka nyumbani magharibi, tukamzika, ndugu zangu wakarudi makwao na mimi nikarudi Mbotela. Nyumba ilikuwa na vitu vyake kila mahali. Wiki ya kwanza nilijigonga kidole cha mguu mara mbili kwenye ile fuawe, ambayo ilikuwa imeingizwa ndani na kuachwa sakafuni wakati wa msiba. Mara ya tatu mtu wa skrapu alikuwa anapita na mkokoteni, anapiga kelele zake. Nikamwita.

Sikuuza kwa sababu ya shida. Niliuza kwa sababu ya kidole. Ndiyo maana nasema ni ujinga, umaskini ungekuwa na heshima yake.

Akachukua fuawe, koleo, nyundo ndogo, kila kitu. Mkokoteni ukipita mlango wa pili nikaona Mzee Okumu amekaa kwenye stuli yake anakatakata mboga ya sukuma wiki. Aliangalia mkokoteni. Akaniangalia. Akabeba sukuma yake akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Wakuu, heri angeubamiza.

Tangu hapo ilikuwa "habari yako" na "nzuri mzee" bila mtu kupunguza mwendo. Miaka mitatu. Ukuta kati yetu ni wa tofali moja, nasikia akikohoa, nasikia akikoroga ugali. Na yeye nadhani anasikia nikibishana na mtangazaji wa redio.

Halafu Jumamosi moja umeme ukapotea. Redio zote zikanyamaza pamoja. Na mimi nikiwa kwenye kiti changu nikagundua nasikiliza ukuta, nangoja ti-dum.

Hakukuwa na kitu. Nilikaa hapo mpaka chai ikashika ngozi juu.

Ndipo nikaamua nitaitafuta. Nilijiambia nikiipata nitaigonga, yule mzee ataisikia kupitia ukutani, na sitalazimika kumwambia kwa mdomo kwamba nilikosea. Hiyo ndiyo ilikuwa plan nzima. Mtu mzima anatafuta kilo sabini za chuma ili asiseme neno samahani.

Kama kawaida yangu nilianza bila kuinuka. Nikaingia online, nikapata mtu anauza fuawe "original, ya mkoloni". Nikatuma pesa. Ikaletwa imepakwa rangi nyeusi inang'aa kama kiatu cha mwanafunzi. Nikaigonga mara moja, pembe ikaanguka sakafuni. Ilikuwa chuma cha kumimina, kile kinachovunjika kama biskuti. Nimeiweka mlangoni inashikilia mlango usifungwe na upepo, ingawa siachi mlango wangu wazi, kwa hivyo haina kazi.

Basi nikavaa viatu. Gikomba, Shauri Moyo, huko kwa mafundi wa chuma kando ya mto, kila Jumamosi. Unauliza mafundi, wanakuonyesha kipande cha reli, kwa sababu siku hizi wengi wanagongea hapo na kinawatosha. Mmoja aliniuliza, "Mzee, hiyo unatafuta ni ya kufanyia kazi ama ya kuweka kwa meza?" Nikamwambia ilikuwa ya baba. Akasema pole, akarudi kugonga sufuria zake.

Hizo Jumamosi, wakuu, nilikuwa naongea na watu wengi kuliko mwaka mzima. Na nikirudi nyumba inakuwa kimya kuliko nilivyoiacha. Sijui kama mnaielewa hiyo.

Miezi minne hivi. Siku moja niko Majengo nimechoka, nikasimama kwa mama anayechoma mahindi. Mama Rehema. Naangalia anavyogeuza makaa na nikaona anatumia koleo yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na ribiti ya kati ni ya shaba.

Baba aliitengeneza hiyo koleo. Mkono mmoja mrefu kwa sababu kidole chake kimoja kilikuwa hakikunjiki.

Nikamwambia, "Mama, hiyo koleo ni ya babangu."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Babako anachoma mahindi?"

"Amefariki."

"Pole. Lakini sasa inachoma mahindi."

Tukaelewana baadaye. Nilimletea koleo mpya mbili, akanipa hiyo moja na bado akasema amelaliwa. La muhimu ni kwamba alinielekeza alikoitoa: kwa fundi wa majiko, Fundi Kassim, hatua kama hamsini kutoka hapo.

Fundi Kassim alikuwa amekaa anakunja bati. Amekaa chini kidogo, kwenye kitu kimefunikwa mto wa gunia. Nikaona pembe inachungulia kando, juu yake kikombe cha chai.

Nikapiga magoti hapo hapo kwenye vumbi, nikaingiza mkono chini ya mto, nikapapasa kona nikitafuta pale nilipomega. Punje ya mahindi. Iko.

"Wee, unatafuta nini huko?" akauliza, na swali lilikuwa la haki kabisa.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kuinuka. Anasema aliikuta kwenye yadi ya skrapu ikingoja kukatwa, akaihurumia, lakini kazi yake ni ya bati laini haihitaji chuma kikubwa hivyo, basi akaikalia. Nikamuuliza bei.

"Hii siuzi. Nimeikalia miaka mitatu, mgongo umeizoea. Nikikupa, nikae wapi?"

Sasa sikilizeni. Nyumbani nina kiti. Nilikuwa nacho. Cha mbao, chenye mikono, kitambaa kimeisha mahali kichwa kinapoegemea. Kwenye hicho kiti nimetengeneza kila redio ya Mbotela, nimekula, nimelala, nimezeeka. Ukiniuliza nina nani hapa Nairobi ningekitaja.

Mdomo wangu ukasema, "Nitakuletea kiti."

Nikakodi mkokoteni, ukabeba kiti kwenda Majengo na ukabeba fuawe kurudi Mbotela. Mwenye mkokoteni aliuliza njiani, "Buda, unahama ama umeachwa?" Nikamwambia niko nafikiria jibu.

Kusafisha kulichukua wiki mbili. Kwa wenye kifaa kizee cha chuma nyumbani: mafuta taa usiku mzima, halafu brashi ya waya, halafu msasa, halafu mafuta machafu ya gari yapakwe kidogo kwa kitambaa. Uso wa juu msiuguse na grinda hata fundi akiwaapia. Chuma kigumu hapo juu ni tabaka jembamba, ukilimaliza umebaki na stuli ya Fundi Kassim. Wala msiichome motoni kutoa kutu, inakuwa laini.

Kuijaribu, chukua gololi ya beringi uiachilie kutoka kimo cha kiwiko. Ikiruka kurudi juu karibu na mkono, uso uko hai. Yangu iliruka vizuri kabisa.

Kisha gogo la kuiweka. Inatakiwa uso ufikie kwenye konzi la mkono wako ukiwa umesimama. Mimi nilipima nikiwa nimekaa, kwa mazoea. Fundi wa mbao alinikatia gogo lenye urefu wa mtoto wa chekechea, ikabidi niongezee mbao mbili chini.

Nyundo ndogo sikuipata, nikanunua nyingine nzee, nikaitia mpini mpya. Moto nikaupulizia na draya ya nywele ambayo mteja aliisahau kwangu.

Jumamosi asubuhi nikatoka nyuma ya nyumba, pale pale, chini ya mabati yale yale. Nikaweka chuma motoni, kikawa rangi ya chungwa, nikakishika na koleo ya baba, nikagonga.

Ti. Ti. Ti.

Nikahamisha gogo. Ti. Nikaweka mchanga chini. Ti. Nikarudia gololi, ikaruka vizuri. Nikapapasa kona kuhakikisha sikuletewa nyingine. Fuawe ni ile, mahali ni pale, na sauti siyo. Nikafikiri labda wale wa yadi waliipasha moto ikaharibika ndani. Nikafikiri labda ni mimi.

Jumamosi ya pili vile vile. Nyuma ya ukuta kimya, hata kikohozi hakuna. Nilirudi ndani nikatafuta mahali pa kukaa nikakumbuka hakuna. Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Nafikiri hiyo ndiyo saa niliyojihisi peke yangu kuliko hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi kuna watu.

Jumamosi ya tatu nilikuwa nimegonga mara kama kumi nikasikia mlango wa pili unafunguka. Mzee Okumu akazunguka na nyuma, polepole, anaburuta kitu. Nyundo kubwa, ile ya kushika kwa mikono miwili. Baba alikuwa anaiacha kwa Mzee Okumu siku zote. Ndiyo maana haikuuzwa.

Alisimama akaisikiliza ti yangu. Akasema maneno fulani, nitayaandika mwisho.

Kisha akanionyesha. Mhunzi anagonga na ndogo, ti, kuonyesha mahali. Mwenzake anashusha kubwa hapo hapo, dum. Ti ya baba, dum yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nasikia watu wawili na nikadhani ni fuawe.

Tulipiga pamoja. Ti-dum. Ti-dum. Alifika ya nne pumzi ikamwishia, na mimi sikuwa na kiti cha kumpa. Akaegemea ukuta, ule wa tofali moja, akacheka kwa kukohoa. Nikamwambia, "Mzee, nilikosea kuuza." Akasema anajua, aliona mkokoteni.

Bawaba tuliyokuwa tunatengeneza bado haijaisha. Dum nne kwa Jumamosi, hesabuni wenyewe. Nimenunua stuli, nimeiweka nje, siyo ndani.

Somo nililopata ni dogo: vifaa vya wazee wenu msiviuze kabla hamjauliza vilikuwa vinashikwa na nani na nani. Na kama kuna mtu hapa Eastlands ana nyundo ndogo ya mhunzi, mpini umechomwa alama ya msalaba karibu na kichwa, aniandikie hapa chini. Wenye kunicheka pia wapite, nimezoea kusoma peke yangu.

Maneno ya Mzee Okumu, kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Hiyo chuma haina makosa, kijana. Babako hakugonga peke yake hata siku moja. Mimi niko hapa nyuma ya ukuta miaka yote hii, na wewe ukaenda kuuliza Gikomba."