Siku Bosi Alipofungua Mdomo

Mama Bosi ni fundi cherehani, na mdomo wake unakimbia kuliko hiyo cherehani. Kumkuta amenyamaza ni bahati, kama kukuta kinyozi hana maoni. Lakini asubuhi hiyo alikaa kochini kimya, mikono mapajani, maana afisa ustawi alikuwa amefika kumwangalia Bosi, ajue anahitaji msaada gani.

Bosi ni bintiye, miaka tisa. Haongei, miguu haimbebi, na mikono ina ukaidi wake. Jina kalipata kwa sababu anaamrisha nyumba nzima kwa macho tu. Na siku hizi alikuwa na la kuringia: anakula mwenyewe. Nusu ya uji inaishia kifuani, sawa, lakini kijiko anashika yeye, na ole wako ukikiguse.

Balaa lilianzia saluni ya jirani.

"We shoga, huyo afisa akiona mtoto anaweza, umekwisha," msusi alimwambia. "Kiti cha magurudumu utakisikia kwa wenzio. Mlegeze kidogo!"

"Nimlegeze, kwani skrubu?"

Wakacheka mpaka basi. Ila Mama Bosi aliondoka nalo kichwani. Akamfundisha Bosi: mgeni akija, kijiko usishike, fungua mdomo tu, mama atakulisha. Bosi alimkata jicho la "mama, uko sawa kweli?" Somo likarudiwa mpaka likaingia.

Sasa bakuli la uji lilikuwa mezani.

"Anakulaje?" afisa akauliza.

"Namlisha, dada. Kushika kijiko hawezi kabisa."

Bosi akageuza shingo polepole, akamtazama mama yake. Kisha akafungua mdomo.

"Basi kiti chenye meza nisikuombee," afisa alisema. "Kile ni cha wanaojilisha, kinawashika mgongo wasichoke. Huyu tumtafutie cha kusukumwa tu."

Masikio ya Mama Bosi yakawaka moto.

"Anaweza." Sauti ilitoka ndogo, kama ya kuazima. "Mimi ndiye nimemkataza. Nilijua mkiona anaweza, mtatunyima."

Afisa hakugomba. Bora angegomba.

"Hauko peke yako, mama," alisema. "Haya Bosi, nioneshe basi."

Mama akamwekea kijiko kiganjani. Kikaanguka. Akakiokota, akakifuta kwa upindo wa gauni, akakirudisha.

"Shika, mwanangu. Mama alikosea. Muoneshe shangazi."

Bosi alimtazama mgeni, akamtazama mama, akakiachia kijiko, akaficha mkono chini ya meza. Mdomo akaufungua wazi kabisa. Yeye, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumtii mtu mara moja!

"Nitarudi wiki ijayo," afisa alisema taratibu. "Kiti chenye meza bado sijakifuta kwenye fomu."

Mama Bosi akakiokota kijiko. Mtoto kaachama mbele yake, anasubiri, na yeye kakishika tu, hajui amlishe au aache.