Sanduku la Fundi Saa

Mdogo wangu anatunza mizigo ya wasafiri chini ya ngazi, pale stesheni ya treni inapokutana na stendi ya mabasi, na maduka yamebanana mpaka upepo unapita kwa kuomba njia. Ngazi zenyewe za chuma, zina matundu. Ukikaa chini yake unaona nyayo za mji mzima zinapita juu ya kichwa chako, na vivuli vinakumwagikia usoni kama maji. Amekaa humo mpaka macho yamekuwa ya mtu aliye usingizini. Ukimsemesha, jibu linakuja treni ikishapita.

Stakabadhi hana. Anachana kipande cha shuka kuukuu, nusu anafunga kwenye mzigo, nusu anakupa wewe. Ukirudi, anaunganisha mchano na mchano. Nyuzi zikikubaliana, beba mzigo wako. Zikikataa, hata ulie machozi ya damu hupati. Na mzigo wa mtu haufunguliwi.

Mumewe alikuwa fundi saa, kibanda cha jirani. Mzuri wa sura, na ndiyo basi. Asubuhi moja akaja na sanduku la kahawia, akalikabidhi kama mteja yeyote, anacheka. Mke naye akacheka, akachana shuka, akampa nusu yake.

"Nakuja sasa hivi," akasema, akapanda ngazi. Mdogo wangu akaziangalia soli za viatu vyake mpaka zikaisha.

Hiyo sasa hivi yake imezeesha watu.

Sanduku likakaa rafu ya juu. Treni ikipita, rafu inatetemeka, sanduku linasogea kidogo kuelekea ukingoni, kama linataka kushuka lijiendee zake. Mdogo wangu ananyoosha mkono analirudisha, hata haangalii. Treni, mkono. Treni, mkono. Fundi cherehani wa ghorofani, mtu mwenye adabu, mkewe alishakufa, akaja kumposa.

"Nitaolewaje, kaka, na mzigo wa mtu ninao?"

Nikamwambia, "Litupe hilo sanduku, takataka tu."

"Dada, mwenyewe ana kitambaa chake."

Juzi mchana akashuka binti mmoja. Nilikuwepo, nakunywa chai yangu. Pua ileile ya fundi saa, paji lilelile. Sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, mama mkubwa," akamwambia mdogo wangu.

"Ukubwa kampa nani?" nikauliza. "Harusi ya mama yako mbona hatukualikwa?"

Binti akainamisha kichwa. Akasema baba yake amefariki, na alipokuwa anaumwa alimpa kitu, akamwagiza akilete chini ya ngazi. Akafungua kiganja. Nusu ya kitambaa, imekuwa rangi ya moshi.

Mdogo wangu akakipokea kama mtu anavyopokea kifaranga.

"Usimpe," nikasema. "Umelilinda wewe, ni lako. Au litie moto, nikuletee kiberiti. Huyo mwanaume hata kufa kimya kimya kumemshinda."

Treni ilikuwa inapita. Mkono ukaenda juu kama siku zote, ila safari hii haukusukuma. Ulishusha. Akaliweka sanduku mezani, akaunganisha mchano na mchano. Nyuzi zikakubaliana.

"Beba mzigo wako, mwanangu."

"Mama mkubwa, hutaki kujua kuna nini ndani? Labda kuna kitu chako."

"Mwenye kitambaa ndiye mwenye mzigo."

"Tufungue wote basi."

"Hapa haufunguliwi. Nenda, mwanangu, utachelewa treni."

Binti akapanda, sanduku linamgongagonga gotini. Mdogo wangu hakuziangalia soli zake. Treni ikapita. Mkono wake ukainuka wenyewe, ukafika rafuni, ukakuta hewa. Akauangalia ule mkono kama wa mgeni, akacheka kidogo.

"Dada, yule fundi cherehani bado yupo?"

"Yupo. Ila siku hizi tundu la sindano halioni."

"Mimi naliona."

Akachukua zile nusu mbili za kitambaa, akafuta nazo vumbi la rafu, akazitupa.

"Nishikie hapa," akasema.

Akapanda ngazi polepole, vivuli vinamfungulia njia. Mimi yule fundi saa sijamsamehe, na kaburi lake silitafuti. Nikabaki chini na mizigo ya watu, naziangalia soli za mdogo wangu. Kisigino kimoja kimelika vibaya, na huyo ndiye anaenda kuposwa.