Masikio ya Fundi Mwarandu

Fundi Mwarandu hakuwa mtu wa kubishana naye kuhusu sakafu. Tangu tuanze kufanya kazi pamoja huku Likoni, yeye akipanga vigae chini na mimi nikipiga plasta ukutani, sijamwona akiipima kazi yake kwa macho. Hupanga kigae, akakiacha kishike, kisha akageuza mwiko na kukigonga kwa mpini. Kilichoshika vizuri hulia ti. Chenye uwazi chini hulia bo. Hutambaa kwa magoti chumba kizima akigonga huku ameinamisha kichwa, na hapo hata redio sharti izimwe. Ukimsemesha anakutolea macho mpaka ujute.

Ndiyo maana kampuni ilipotugawia vifuniko vya masikio, yeye vyake alivitundika shingoni na huko huko vikakaa. Mashine ya kukatia vigae ilipiga mayowe mbele ya uso wake kutwa nzima, sisi tukiikimbia, yeye akikata tu. Nilimuuliza siku moja kulikoni. Akanijibu kwamba masikio yake ndiyo kazi yake, na fundi gani aizibe kazi yake mwenyewe? Nilimwona ana akili.

Sasa tulikuwa kwenye nyumba za ghorofa karibu na Shelly Beach, na vyumba vya juu vilikuwa vyake. Alimaliza, akagonga, akasema viko sawa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilisikia bo, bo, bo. Nikadhani anafanya mzaha, au labda vigae vya siku hizi vina mambo yao nisiyoyajua. Mimi ni mtu wa plasta.

Haikupita wiki, msimamizi wetu Randu akapita mle na kijiti chake akigonga, na uso ukambadilika. Nusu ya sakafu ilikuwa haikushika. Akamwambia Mwarandu abandue apange upya, na kwamba mambo yakijirudia atamtoa kwenye vigae ampeleke kubeba mchanga. Kumwambia fundi wa miaka mingi akabebe mchanga si neno dogo.

Mwarandu akachanganyikiwa, na mimi akanichanganya. Kwanza alisema saruji ni mbovu. Tukabadilisha saruji. Akasema mchanga una chumvi, tukaleta mwingine. Akahamia kwenye maji ya kisima. Kila mara alipanga, akagonga, akaniita nisikilize, naye akitikisa kichwa kwa kuridhika pote, penye ti na penye bo. Nilipomwambia ile kona inalia vibaya, alisema vumbi la plasta limenijaa masikioni. Nikaenda nikaosha masikio, nisiwe mwongo.

Tukiwa katika hali hiyo, wakaja watu wa afya. Kampuni ilikuwa na mpango mpya wa kutupima kabla hatujaugua, jambo ambalo wengi hatukulielewa, maana sisi tumezoea kwenda hospitali tukiwa tumeshikiliwa na watu wawili. Walikuwa wamekwisha kutupima presha na vifua. Safari hii ilikuwa zamu ya masikio. Wakatuhakikishia kwamba hakuna atakayefukuzwa, na kwa sababu wamesema hivyo, kila mtu akaogopa.

Muuguzi alikuwa Hanan, binti wa hapa hapa mtaani, naye alikaa ndani ya kontena na kimashine chake. Anakuvisha hedifoni, unampa mgongo, na unanyanyua mkono kila ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi. Mimi nilikuwa benchi ya pembeni nangoja zamu yangu. Mwarandu alinyanyua mkono mara tu alipokaa. Akaushusha, akaunyanyua tena, juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Hanan akazunguka akaja kusimama mbele yake na kumvua hedifoni.

"Baba, bado sijabonyeza kitu."

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa. Wakaanza upya, na sasa Hanan alibonyeza na kubonyeza huku mkono wa Mwarandu umetulia gotini. Mwishowe akamwambia binti wa watu, kwa adabu zote, kwamba mashine yake imeharibika, aitazame. Kisha nikavishwa mimi mashine ile ile, nikasikia vilio vyembamba vya vifaranga mwanzo hadi mwisho. Sikujua niinuke na uso gani.

Hanan alimweleza polepole, akimkabili. Sauti nene anazisikia, ndiyo maana anaelewana na sisi wanaume wa mjengo. Nyembamba ndizo zilizoliwa na ile mashine ya kukatia, na hazirudi. Zilizobaki ataziokoa akivaa vifuniko vilivyo shingoni mwake.

Mwarandu akavishika. "Lakini mwanangu, ningevivaa, vigae ningevisikiaje?"

Hanan akaandika kwenye karatasi yake, akamwita anayefuata.

Jioni akanitaka twende wote kwake. Njia nzima alibisha. Alisema kama ni masikio kweli, basi atamwendea Randu mwenyewe, asingoje kutolewa. Ila si masikio. Mimi si ananisikia? Randu si anamsikia? Na nyumbani je, mbona mke wake Dama siku hizi hapandishi sauti hata kidogo?

Hili la Dama tulikuwa tumelisikia mpaka tukachoka. Zamani alikuwa akimwita chakula kikiwa tayari, kama wake wote. Sasa huja mwenyewe, akamwekea mkono begani kimya kimya. Mwarandu alitusimulia akijidai, kwamba mapenzi yamemrudia uzeeni, nasi tukamwonea wivu. Wangu mimi, Jalila, akiniita mtaa mzima huitika.

Tuliketi uani, yeye ameupa mgongo mlango wa jikoni, bado yuko kwenye maji ya kisima. Dama akaita kutoka ndani, "Mwarandu." Sauti yake ni nyembamba, lakini niliisikia vizuri. Mwarandu akaendelea na habari za chumvi. Dama akaita tena. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Kisha Dama akatoka akijifuta mikono kwa leso, akaja akamgusa bega.

Mwarandu akatabasamu kama kawaida yake. Halafu akanitazama mimi, na tabasamu likaishia njiani.

"Umeniita?"

"Nimekuita."

"Na jana?"

Dama alinitupia jicho, kisha akamgeukia mumewe. "Kila siku nakuita kwanza," alisema. "Ndipo naja."

Iliniuma, wallahi. Mwarandu hakujua akasirike au ashukuru, na mimi sijui niage au nibaki. Mwishowe akasema kesho atazungumza na Randu. Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Dama hakuuondoa mkono.

"Niite tena," akamwambia.

Dama akamwita, pale pale alipokuwa, karibu yake. Mwarandu akasema amesikia. Lakini alikuwa akimtazama mdomo.