Alama Ndani ya Kava

Kasyoki hawezi kununua nyanya bila kuzibonyeza moja moja mpaka mwenye genge amfukuze. Lakini spea za pikipiki ananunua kwa picha. Nimemcheka kwa hilo miaka mitano sasa, maana kibanda changu cha chai kimepakana na gereji yake hapa Machakos mjini, na kila kifurushi kinachoingia nakiona. Hukaa juu ya tairi kuukuu, simu karibu na pua, akipekua kurasa za wauzaji wa mtandaoni: vioo, plagi, matangi, viti vilivyotumika. Nikimwambia siku moja ataletewa matofali, hunijibu, "Ndunge, wewe uza chai."

Ni fundi mwaminifu, niseme ukweli. Kila injini anayoifungua huikwaruza kwa msumari upande wa ndani wa kava, mahali pasipoonekana mpaka ifunguliwe tena. Huandika herufi ya jina la mwenyewe na tarehe. Alianza baada ya mteja mmoja kumsingizia kwamba amechomoa vyuma vyake vipya na kumwekea vya zamani. Tangu hapo hakuna injini iliyotoka kwake bila alama.

Wiki tatu zilizopita Kimeu, rafiki yake tangu shule ya msingi na mwendesha bodaboda, alibeba abiria wawili mchana kweupe kuwapeleka Kola. Hakurudi. Simu yake ilizimwa kabla ya saa kumi. Wenzake wa stejini walizunguka njia zote za Kola, wakauliza kila duka, wakarudi na vumbi tu. Mkewe, Loise, aliripoti polisi, na tangu siku hiyo hupita kwetu kabla ya kwenda kufulia watu nguo. Haulizi mengi. Anamtazama Kasyoki, Kasyoki anatikisa kichwa, Loise anaenda zake. Mimi hujifanya naosha vikombe kwa sababu siwezi kumtazama usoni.

Jumanne asubuhi Kasyoki alirudi na kifurushi kutoka ofisi ya magari ya abiria yanayobeba mizigo. Mteja wake Rodgers alikuwa ameanguka na kupasua kava ya klachi, basi Kasyoki akamwagizia iliyotumika kutoka kwa muuzaji mgeni, mtu aliyeweka picha ya simba mahali pa uso wake. Bei ilikuwa chini mno na mimi sikuipenda. Kasyoki alikuwa amempa muuzaji huyo jina lake, nambari yake na mahali gereji ilipo, kama anavyofanya siku zote.

Alikata gunia, akaigeuza kava apanguse grisi. Huwa anapiga mluzi akifanya kazi. Mluzi ukakatika.

"Ndunge," akaita. "Kuja uone."

Ndani kulikuwa na herufi K, na chini yake tarehe. Tarehe ile naijua. Ndiyo siku Kimeu alipopata binti, akanunua mandazi yangu yote awagawie watu. Pikipiki yake ilikuwa imefunguliwa pale pale chini, na Kasyoki aliikwaruza huku anatafuna.

"Peleka polisi," nikamwambia. "Saa hii."

"Nikienda na hii mkononi wataniuliza nani alinunua. Ni mimi nilinunua! Spea ya Kimeu, na nikalipa."

"Kwa hivyo utaificha? Na Loise?"

"Sijasema naficha. Wacha kwanza nijue imetoka wapi. Labda aliuza. Labda alitoroka tu, ako huko Matuu anakula maembe."

Nilimkasirikia. Alijua, nami nilijua, kwamba Kimeu hangeuza pikipiki ile na kumwacha mtoto wa miezi minne. Lakini aliipangusa herufi ile taratibu kwa mkono wa shati lake, na hasira yangu ikaniishia. Akachukua simu, akamwandikia muuzaji polepole huku akinisomea: spea ni nzuri, uko na zingine za hiyo pikipiki?

Picha zikaanza kuingia papo hapo. Tangi. Kiti. Taa ya mbele. Tulizitambua zote, hata kiraka cha kiti ambacho Loise alikishona kwa uzi mwekundu. Nikamwambia aache. Hakuacha. Akaandika: mwenyewe hatakuja kuulizia?

Muuzaji hakuandika. Alituma ujumbe wa sauti. Kasyoki akaubonyeza kabla sijamzuia, na sauti ya simu yake siku zote iko juu kabisa kwa sababu ya kelele za injini.

"Huyo hawezi kuja kuulizia, kaka," ukasema, kwa sauti tulivu ya mtu anayekula. "Wewe funga tu, fanya kazi. Na hizo zingine sitatuma na gari. Hapo kwako sasa napajua, nitakuletea mwenyewe."

Niliogopa mpaka nikasahau kwamba nimeshika birika la moto. Nilipogeuka kutafuta pa kuliweka, Loise alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Sijui alikuwa amefika saa ngapi.

"Kasyoki," akasema, "ni nani huyo hawezi kuja?"