Mikono Niliyoishona kwenye Gauni Jekundu

Nilikubali. Mwenyekiti wa wazee wa ushirika wetu wa Kiswahili pale Bredäng, kitongoji cha Stockholm, alinijia nyumbani Jumamosi moja ya Desemba, akavua viatu, akanywa chai vikombe viwili, ndipo akasema alichotumwa: gauni la Krismasi limeonekana kwenye mazoezi, na binti yangu asisimame kuimba mbele ya madhabahu mabega wazi.

"Mzee mwenzangu, baba ni wewe. Tukimwambia sisi, tutakuwa tumekuvunjia heshima."

Ningeweza kumjibu kwamba binti ana miaka ishirini na minne, wakamwone mwenyewe. Nilisema, "Niachieni mimi."

Gauni lenyewe nililishona mimi. Nimeshika cherehani tangu nimalize kidato cha nne, na hapa Stockholm nimefupisha suruali za watu mpaka macho yakachoka. Mama yake alishafariki, kwa hiyo kila Krismasi tulikaa wawili kwenye sofa kutazama filamu moja ya zamani ya nyimbo na dansi, ambayo mwishoni wanawake hutokea wamevaa mahameli mekundu, mabega wazi, manyoya meupe pindoni, glavu hadi kwenye viwiko. Mwaka ule alitaka kuimba kwenye ibada ya Krismasi amevaa vile. Mahameli aliyapata kwenye duka la vitu vikuukuu mjini, yalikuwa pazia.

"Wenzako tumekimbia mitumba, wewe unaifuata kwa treni!" nilimtania.

"Baba, hii siyo mitumba, hii ni historia," akacheka, kisha akarudi kwenye Kiswidi chake kama kawaida.

Tulisimamisha filamu mara nyingi ili nione kiuno kimekatwaje. Sketi niliikata duara kamili. Alipolijaribu, alisimama mbele ya kioo cha korido, akajigeuza mara moja. Sikuwahi kumwona akijipenda namna ile.

Siku mbili baada ya mwenyekiti kuja, binti akiwa kazini, nilichukua mahameli yaliyobaki nikashona mikono mirefu na kola ya kufunga shingo. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba kazi ikiwa safi hatajali.

Alilikuta kwenye hanga asubuhi ya Krismasi, tukiwa tunajiandaa kutoka.

"Nani kafanya hivi?" Safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

"Wazee waliona kwamba..."

"Sijauliza wazee. Mkasi kashika nani?"

"Mimi."

"Ungeniambia, Baba. Ningekataa, tungegombana, yangeisha. Wewe umesubiri nitoke."

Alivaa jinzi na koti, akaondoka. Nilikwenda ibadani peke yangu. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru mbele ya watu, nami, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Januari alihamisha vitu vyake. Nilimpigia simu, na badala ya kuomba radhi nikamhubiria habari za heshima mpaka akakata. Barua ya kuomba msamaha niliiandika baada ya miaka miwili, nilipokwisha kuacha uzee wa kanisa. Hakujibu, na simlaumu.

Ameolewa. Ana mtoto wa kike wa miaka minne. Hayo nimeyapata kwa watu. Mjukuu huyo sijawahi kumwona. Nilitaka wazee wenzangu wanisifu, wakanisifu, na nimempoteza mwanangu wa pekee.