Mlenda Uliopelekwa Zahanati

Katika mtaa mzima wa Shanwe hakukuwa na mwanamke aliyenusa mashati ya mumewe sana kuliko Kabula, na wala hakuwa akitafuta manukato ya mwanamke mwingine. Hilo angelimaliza kwa maneno mawili na mwiko. Kabula alikuwa anatafuta harufu ya nyama choma.

Mumewe, Makoye, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Walihama kutoka Shinyanga mwaka themanini na mbili wakiwa na ng'ombe arobaini na binti mmoja mgongoni, Nyanzala, wakaja Mpanda kutafuta malisho, na malisho wakayapata. Ng'ombe wakanenepa, Makoye akanenepa, watu wakamwamkia kwa heshima. Kwake yeye, kula mboga za majani siku mbili mfululizo ilikuwa sawa na kutangaza kwamba umefilisika. Asubuhi supu ya kongoro, mchana nyama, jioni nyama tena na ugali uliomiminiwa samli, halafu sigara mbili za kusindikizia. Kutembea aliwaachia wasio na baiskeli, na baiskeli aliwaachia wasiojua kudandia pikapu za watu.

Basi mwaka tisini na tano kaka yake, Ngolo, akaanguka mnadani. Alikuwa anabishania bei ya dume, akashika kifua, akaketi chini, na kabla mtu hajaleta maji ameshakata roho. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Wapo waliosema amerogwa na wenye wivu na mifugo yake. Kabula yeye alipiga hesabu tu akaona kwamba Makoye ana hamsini na mmoja, na kwamba siku hizi akiinama kufunga viatu, anainuka akihema. Hofu ikamwingia na ikagoma kutoka.

Matanga yalipoisha tu, alimburuta mumewe mpaka zahanati ya misheni. Muuguzi wa pale aliitwa Goreth, binti wa Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Katumba, mpole wa sauti lakini asiyemwogopa mwanamume kwa wingi wa ng'ombe zake. Alimfunga Makoye kitambaa cha kupimia mkononi, akapampu, akatazama, akapampu tena.

"Mzee, mia moja tisini kwa mia na kumi. Presha hii ni ya juu sana. Mwili huo, sigara hizo, moyo wako unafanya kazi ya punda."

Akampa vidonge, na masharti juu yake. Samli aache, nyama iwe ya sikukuu, sigara ndiyo mwisho. Ale maharage, mboga za majani, karanga na matunda, chumvi asiongeze mezani, na kila siku atembee mpaka jasho limtoke.

Makoye alikuwa ametoka kumzika kaka yake, kwa hiyo alitii. Sigara alizitupa chooni, pakiti nzima. Kila asubuhi akawa anatembea kutoka Shanwe hadi Makanyagio na kurudi, na kwa kuwa mtu wa hadhi yake hawezi kutembea bila sababu, kila aliyemsalimia alimwambia kwamba anatafuta ndama aliyepotea. Wiki ya tatu watu wakaanza kuuliza huyo ndama ni wa namna gani.

Kabula naye akageuza jiko. Kisamvu cha karanga, maharage, matembele, na zaidi ya yote mlenda, maana mlenda ndio alioujua vizuri tangu kwao. Lakini kila alipomwona mumewe anatafuna kwa uso wa mtu aliyefiwa, huruma ilimshika. Akaongeza magadi kidogo ili mlenda uteleze vizuri, na chumvi kidogo ili ulimi usiikumbuke nyama sana. Wiki baada ya wiki, mkono ukazoea.

Miezi minne ikapita. Tumbo la Makoye lilikuwa limepungua, mkanda umetobolewa tundu mbili mpya. Wakaenda zahanati wakiwa na furaha. Goreth akapima.

"Mia moja themanini na tano," alisema, akamtazama. "Mzee, unafuata kweli nilivyokuambia?"

"Nafuata."

Wanawake wote wawili wakamwangalia kwa mashaka.

Hapo ndipo mashati yakaanza kunuswa. Makoye alienda mnadani mara mbili kwa mwezi, na kila akirudi shati lilinuka moshi. "Ukikaa karibu na mchoma nyama utanukia nini, maua?" alijibu mara ya kwanza. Baada ya hapo hakujibu tena. Kabula alimwita mwongo, akamwita hivyo mbele ya Nyanzala, akamwambia kwamba anataka kumwacha mjane kwa ajili ya mbavu za ng'ombe. Alikuwa anaogopa mno, na hofu yake haikujua kutoka ila kwa matusi.

Mwisho akaamua kuipeleka kesi kwa Goreth mwenyewe. Alipika mlenda, akafunga sufuria kwa kanga, akajitwika, akamwamuru mumewe afuate nyuma.

"Sista, mimi nimechoka na huyu," alisema akiitua sufuria mezani, katikati ya kadi za wajawazito. "Onja mwenyewe. Hiki ndicho ninachompa. Kama humu mna nyama au samli, nifungeni."

Makoye alisimama mlangoni ameshika kofia yake. Goreth akacheka, akachukua kijiko, akaonja. Kicheko kikakatika. Akameza kwa shida, akaenda kwenye ndoo ya maji, akanywa kikombe kizima na kujaza kingine.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Si chumvi na magadi tu? Mlenda gani usiowekwa magadi?"

"Kiasi gani?"

Kabula akakunja kiganja kumwonyesha.

"Na chumvi?"

Akakunja kiganja cha pili. "Lakini sista, ulisema asiongeze mezani. Mezani haipo! Nimeifungia kabatini tangu siku ile."

Goreth hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba mwili hauulizi chumvi imeingilia mezani au jikoni, na kwamba magadi nayo yanapandisha presha vilevile. "Mboga ni nzuri, mama, endelea nazo. Magadi acha kabisa. Chumvi chota kwa ncha za vidole, sufuria nzima. Tia nyanya, kitunguu, ndimu. Ulimi utazoea."

Kabula alitamani ardhi ipasuke immeze. Miezi yote ile alikuwa anamsaka mwizi, na mwizi ni mkono wake mwenyewe. Alibeba sufuria yake akarudi nyumbani bila kumtazama mumewe usoni, na magadi yote akayamwaga.

Wiki sita baadaye walikaa tena kwenye benchi la zahanati. Goreth akapima.

"Mia moja arobaini kwa tisini. Vidonge tunaendelea, mzee, na kutembea usiache. Lakini sasa naona tunakwenda vizuri."

Kabula akamwomba arudie kupima. Akarudia, ikawa ileile. Kabula akajikuta anamshukuru Goreth, Mungu, na hata ile mashine.

Walirudi kwa miguu wakipitia Makanyagio.

"Baba Nyanzala, nisamehe. Nilikuita mwongo na wewe ukanyamaza. Mbona ulikuwa hunijibu?"

"Ningejibu nini, mayu, mama Nyanzala? Ulininusa kwa bidii mpaka na mimi nikaanza kujinusa. Nikasema labda huwa ninakula usingizini."

"Na mlenda je? Hukusikia chumvi?"

"Niliisikia. Nilikuwa nakunywa maji mpaka tumbo linauma."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilidhani ndiyo dawa yenyewe."

Kabula alianza kucheka akiwa bado anatembea, kicheko kikamzidi nguvu, akakaa chini kando ya njia karibu na mama muuza nyanya. Akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Muuza nyanya akaacha nyanya zake, akaja kumshika bega.

"Pole, mama. Kuna msiba?"

Kabula akafunua uso. Makoye alikuwa amesimama palepale juani, suruali inampwaya, anamsubiri.

"Hakuna," alisema. "Hakuna msiba."