Bidoni ya Maziwa Niliyoifungia Mukanda ya Gari

Ule mwezi wa kwanza ya mwaka, Louisville, huku Amerika, ilikuwa na baridi mpaka kivuli yangu ilikataa kutoka nje. Sidanganyi. Nilienda kazi peke yangu, kivuli ikabakia nyumbani, nikarudi nikaikuta imejikunja kando ya hita kama paka. Bwana yangu anasema naongezaka chumvi. Yeye hakuona kitu, alikuwa amelala na makoti mbili na soksi za mikono.

Mais, lakini, ni ndani ya ule mwezi nilipata permi ya kuendesha gari, nikapata na mujukuu yangu wa kwanza. Donc, ni kusema, baridi haikunishinda.

Nianzie na permi. Mara ya kwanza nilianguka mutihani juu ya heshima. Yule bwana wa mutihani alikaa kando yangu, masharubu kama ufagio, tukatembea na gari vizuri sana kule mutaa ya Beechmont. Mara naona mama mumoja wa kwaya yetu amesimama pale pa kungojea bus na mifuko yake. Sasa wewe unaweza kumupita namna gani? Mutu unaimba naye kila siku ya Mungu, umupite sawa vile mbuzi? Nilisimamisha gari palepale katikati ya barabara, nikashusha kioo, nikamusalimia. Nikauliza bwana yake, nikauliza batoto, nikauliza goti yake yenye kumuuma. Nyuma yetu magari ilianza kupiga honi mpaka Indiana. Nilizani na bo banasalimia, nikabanyanyulia mukono. Yule bwana aliandika, akaandika, mpaka kalamu ikachoka.

Mara ya pili nilipita bila kuangalia mutu, shingo imenyooka kama mutu mwenye kubeba mutungi. Nikapewa permi. Yule mama wa kwaya alikuwa tena palepale, sikumusalimia, na mpaka leo tukiimba ananitolea sauti ya hasira.

Bon. Ingine kazi yangu ya kujifurahisha ule mwezi ilikuwa mashanza. Mashanza ni maziwa yenye kuganda, yenye kukatika na kijiko, yenye uchachu ya kukufunga jicho moja. Kwetu, kule juu kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mama yangu alikuwa anaigandisha ndani ya chombo ya muti yenye kifuniko ya kusuka. Ng'ombe za baba zilikuwa nyingi. Ya kwanza ikifika kwenye maji, ya mwisho bado haijaamuka. Huku Amerika maziwa inatoka dukani, imeoshwa sana, haina tena hasira ya kuganda. Nilijaribu kwenye bidoni, ile dumu ya plastiki, karibu ya hita. Ya kwanza ilikuwa maji. Iliyofuata ilinuka kama viatu ya batu ya zamu ya usiku kwenye kompani yetu, kule tunapanga makartoni. Batoto balikuwa banapita sebuleni na mikono kwenye pua, banasema kingereza yao. Siijui yote, mais ile ya pua niliielewa.

"Mama batoto," bwana yangu akasema, "nyumba inanuka kama zizi."

"Ndiyo sababu sasa napata usingizi," nikamujibu.

Na ndani ya ule mwezi ikakubali. Asubuhi moja nafungua bidoni: imeganda, nyeupe, inang'aa, imetulia kama muchungaji mbele ya mahubiri. Nilipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akafungua mulango kuuliza nani anaolewa.

Siku ile ile mutoto yangu wa kike, mwenye aliolewa Buffalo, akapiga simu. Amezaa. Mwanaume. Mimi nikakaa chini, nikasimama, nikakaa tena, mpaka kiti ikasikia kizunguzungu.

Sasa musikilize, hapa ndipo kuna neno. Kwetu, mutoto anatolewa ndani na anapewa jina mbele ya batu. Kabla ya jina kutamkwa, mama yake anakunywa maziwa yenye kutoka kwa mama yake mwenyewe. Haiko ya duka, haiko ya jirani. Ni maziwa ya kusema: hauko peke yako, nyumba ulipotoka bado inakujua. Mama yangu alitembea mulima mbili kuniletea yangu nilipozaa mutoto wa kwanza kule nyumbani, na mvua, na ndama mumoja mwenye kumufuata akilia. Na mutoto yangu wa kike alizaliwa kwenye kambi ya bakimbizi, alikomalia kwenye kambi, ile maziwa hakuiona hata siku moja. Alikuwa anaisikia tu kwa mudomo yangu. Na batu bote banajua mudomo yangu. Donc alikuwa anazani ni hadisi.

Sherehe ilikuwa siku ya Mungu nyuma ya ibada. Mama ya mukwe yangu, na sisi tunaitana mukwe, mwenye kukaa kulekule Buffalo, akanipigia simu ya picha. Mwanamuke mwenye sauti ya kupasua sahani.

"Mukwe yangu, usijisumbue," akasema. "Barabara ni barafu tupu. Huku niko na yaurti ya duka, nzuri, ya matunda. Weye utatuona kwenye simu."

Kwenye simu! Mimi niwe nyanya wa kwenye simu, mutoto yangu akunywe yaurti ya fraizi! Nilimujibu kwa adabu: "Mukwe yangu, weka ile yaurti mbali. Nakuja." Nilipokata simu, nikakumbuka nilikuwa bado sijaendesha gari mbali kupita kanisani.

Bwana yangu alikuwa na zamu, hakupata ruhusa. Akasema niende na bus. Nikamuuliza, bidoni itakaa kwenye magoti ya nani? Siku ya posho asubuhi, kesho yake ikiwa siku ya Mungu, nikaifunika blanketi ya mutoto, nikaiweka kiti ya mbele, nikaifungia mukanda. Nikawasha hita mpaka mwisho, juu maziwa haipendi baridi. Kifuniko nilikiacha kimelegea kidogo, vile mama alinionyesha, ipumue. Kisha nikaomba Mungu na nikaingia haiwei.

Malori ya kule! Moja ilinipita, ikaendelea kunipita mpaka nikasikia njaa. Nilikwenda polepole sana, nyuma yangu msururu ya magari ikawa kama maziko ya mukubwa wa inchi. Hata hivyo Columbus nikaifikia jua ikiwa bado juu, kwa yaya yangu, dada mukubwa mwenye alitangulia tumbo ya mama. Nililala kwake, juu na yeye alitaka kwenda kuona mujukuu.

Ni hapo shida ilianzia. Yaya aliona bidoni, macho ikamutoka.

"Kadogo, unionjeshe."

"Hapana, yaya."

"Kijiko moja."

"Hata tone. Ni ya mama ya mutoto. Kama inafika kwa batu bengine mbele, inakuwa maziwa ya kawaida."

"Nilikubeba mugongoni mpaka ukawa na ndevu!"

"Siko na ndevu, yaya."

"Juu nilikunyoa."

Asubuhi nilitoka kukwangua barafu kwenye vioo ya gari. Ile barafu ilikuwa nene, nilikutana ndani yake na barafu ya mwaka iliyopita. Nikarudi kuchukua bidoni. Nikaisikia nyepesi kidogo, nikasema ni mikono yangu imekufa na baridi. Yaya akatoka na mukoba yake kubwa, akaukumbatia kwenye kifua.

"Weka nyuma," nikamwambia.

"Hapana. Ni dawa yangu ya magoti."

Akakaa nyuma, bidoni ikakaa mbele na mukanda yake. Tukapita Cleveland vizuri, tunaimba. Kisha tukaanza kufuata ziwa moja kubwa kando ya barabara, na theluji ikaanza kuanguka, haiko kwa chembe, kwa mablanketi. Nikaongeza hita. Nikasikia bidoni inafanya *kwi, kwi*, kama mutoto mwenye kutaka kulia. Nikaipapasa: "Tulia, tunafika."

Ikapasuka.

Nasema ikapasuka! Kifuniko iligonga dari, ikarudi, ikagonga dari tena. Maziwa ikaruka kwenye kioo, kwenye usukani, ndani ya masikio yangu. Nje nyeupe, ndani nyeupe, sikujua tena niko upande gani wa kioo. Yaya akalala chini ya kiti akilia, "Vita! Vita imetufuata mpaka Amerika!" Nikakokota gari kando ya barabara kwa kukisia, nikasimama, nikaweka kichwa kwenye usukani.

Askari wa barabara akaja kugonga kioo. Kijana, masikio nyekundu. Akaangalia ndani: mama wawili weupe kama unga, na kwenye kiti ya mbele blanketi ya mutoto, imefungwa mukanda, inadondosha maziwa, haisogei. Rangi ikamutoka. Akauliza kwa sauti ndogo mutoto ana shida gani, mimi nikasikia anauliza mutoto iko wapi.

"Buffalo!" nikamujibu na kingereza yangu yote. "Baby, Buffalo! Milk, here!"

Akanyanyua blanketi na kidole moja, akaona bidoni. Alisimama pale muda murefu, theluji ikajaa kwenye kofia yake. Kisha akacheka mpaka akashikilia mulango. Akatuletea karatasi ya kupanguza kutoka gari yake, akatusukumia theluji kwenye kioo, akatuambia twende polepole. Mimi, polepole! Alikuwa hajui anaongea na nani.

Mais mimi sikucheka. Ndani ya bidoni hakukubakia hata ya kulambisha paka. Nilikuwa namuona mutoto yangu, na kikombe ya fraizi mukononi, na jina inatamkwa. Na mimi ningemwambia nini? Kwamba maziwa ilikuwako, mais iliruka? Hadisi ingine ya mama!

Yaya naye alikumbatia mukoba yake kwa nguvu, anaangalia theluji tu. Nikasema ni magoti inamuuma.

Tukafika Buffalo, mutaa ya East Side. Nyumba imejaa batu, viatu mulangoni mulima muzima. Mama ya mukwe yangu akatufungulia, akatuangalia toka kichwa mpaka kwenye nguo iliyokauka na maziwa.

"Mukwe yangu! Mumekuja na maziwa, ao mumekuja ndani ya maziwa?"

Batu bakacheka. Mutoto yangu alikuwa amekaa kwenye kiti kubwa na kitoto yake mukononi, amechoka, ananiangalia tu. Nikapiga magoti mbele yake, mezani kando yake naona ile yaurti imekwisha kufunguliwa.

"Mama," akasema polepole, "haizuru. Nitakunywa hii."

Ni hapo yaya akakohoa. Akafungua mukoba ya dawa ya magoti, akatoa termosi yake ya chai. Akaifungua. Harufu ikajaa nyumba.

"Asubuhi," akasema akiangalia dari, "nilikamata kidogo. Ya njiani."

"Yaya! Uliiba!"

"Nilionja. Kisha nikarudisha kifuniko, nikaikaza vizuri sana, usijue."

Nikaelewa yote kwa mara moja: ni yeye alikaza kifuniko! Ni yeye alipasua bidoni! Sikujua kama nimupige ao nimubusu. Nilifanya yote mbili, na batu banaona.

Tukamwaga kwenye kikombe. Nusu ilikuwa imekwisha, yaya alikuwa amesema ukweli moja tu: ya njiani. Nikasema yaya na mimi tumbo ni moja, haiko mutu mwengine, nikaweka kikombe mukononi mwa mutoto yangu. Akakunywa, akafunga jicho moja. Akakunywa tena. Kisha akaanza kulia na kucheka pamoja, ndevu nyeupe ya mashanza kwenye mudomo, akasema:

"Mama, kumbe iko kweli."

Na muzee wa familia yao akatamka jina ya mujukuu yangu, mbele yangu, haiko kwenye simu. Mama ya mukwe yangu akaja kunyemelea kikombe, eti kuosha. Nikaona anapitisha kidole ndani.

Gari yangu ilinuka maziwa mpaka kwenye mavuno ya mahindi. Kwa kazi batu balinikatalia lifti, inzi benyewe banaingia na mafuta ya manukato. Na yaya mpaka leo anajisifu kanisani Columbus kwamba ni yeye aliokoa sherehe. Mimi nasema ni yeye aliipasua. Tuko ndani ya hiyo kesi na simu kila juma.

Mabaki ya chini ya termosi mutoto yangu aliifanya mbegu, akaanza kugandisha yake mwenyewe kule Buffalo. Na mwezi wa pili haujaisha, simu ikalia. Ni mukwe yangu, ile sauti yake ya kupasua sahani imekuwa ndogo ya kubembeleza.

"Mukwe yangu, na mimi nimeijaribu. Nimeweka kwenye hita, blanketi niko nayo. Sasa nifanye namna gani tena?"

"Legeza kifuniko kidogo," nikamwambia. "Na kama yaya yangu anakuja kukusalimia, lala na bidoni."